Fimbo ya Gofu Nayo Ina Upande Wake

Kazi ya kuunga mpini na kichwa nyumbani yataka jicho, kipimo na subira

Mkulima anunuapo jembe dukani, aghalabu hununua chuma tu. Mpini hujitafutia mwenyewe. Hukata mti, huuchonga, na kabla ya kuutia katika jembe huuinua usawa wa jicho na kuutazama toka ncha hata ncha, akiugeuza polepole mpaka auone upande ambao mti umeelekea. Asiyefanya hivyo hulima msimu mzima na jembe linalomgeuka mkononi, na jioni huilaumu ardhi.

Fimbo ya gofu haitofautiani sana na jembe hilo. Nayo ina kichwa na mpini, nayo huungwa na mtu, nayo ina upande wake. Tofauti ni kwamba mpini wa jembe huonyesha kombo lake waziwazi, ilhali mpini wa fimbo ya gofu huificha tabia yake chini ya rangi nzuri yenye kung'aa. Mtu huinunua, huipiga, mpira ukaenda kando, naye hudhani kosa ni la mkono wake. Pengine ni la mkono kweli. Lakini pengine kosa lilianza siku fimbo ilipotiwa gundi.

MCHEZO UMEFIKA KAMBINI

Huenda msomaji akauliza gofu inahusu nini na nyumba ya askari. Mchezo huu uliletwa Afrika ya Mashariki na wakoloni, na kwa miaka mingi Mwafrika aliingia uwanjani kwa kazi moja tu, kubeba mfuko wa fimbo za mwingine. Hali hiyo imepita. Huko Lugalo, mjini Dar es Salaam, Jeshi la Wananchi wa Tanzania lina uwanja wake lenyewe wa gofu. Nchini Uganda watu huucheza katika uwanja wa Kitante, katikati ya jiji la Kampala, na kule Entebbe karibu na ziwa. Wachezaji wa leo ni maofisa na askari, watumishi na wafanya biashara, wanaume kwa wanawake, na watoto wao.

Linalowazuia wengi si sheria tena bali ni bei ya vifaa. Kanuni humruhusu mchezaji kubeba fimbo zisizozidi 14, na fimbo mpya za namna hiyo ni mzigo kwa mshahara wa kawaida. Kwa hiyo wengi huanza na fimbo zilizokwisha tumika, na fimbo zilizotumika huvunjika. Aghalabu kinachovunjika ni mpini, na kichwa hubaki kizima. Kukitupa kichwa kizima kwa sababu ya mpini ni kama kulitupa jembe kwa sababu mti wake umekatika.

Ufundi wa kuunga fimbo nyumbani umeota mizizi zaidi nchini Marekani, na huko umekwisha zaa mambo makubwa. Mwaka 1959 Karsten Solheim, mhandisi mzaliwa wa Norway aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya General Electric, alijitengenezea fimbo ya kusukumia mpira shimoni katika banda la gari nyumbani kwake, Redwood City, jimbo la California. Alikuwa ameanza kucheza gofu akiwa mtu mzima wa miaka zaidi ya 40, na hakuridhika na fimbo alizoziona madukani. Fimbo yake ilitoa mlio kila ilipogusa mpira, naye akaiita kwa mlio huo: PING. Mwaka 1967 aliacha kazi ya kuajiriwa ili ashughulike na fimbo zake, na jina hilo likaenea duniani. Hakuanza na kiwanda. Alianza na meza, tupa na vipimo.

SEHEMU ZA FIMBO

Fimbo ina sehemu tatu kubwa. Kichwa ndicho kipigacho mpira. Kina uso mbele, na upande mmoja kina shingo yenye tundu. Mpini ni bomba refu, lenye ncha nyembamba iingiayo katika shingo na ncha nene iendayo mkononi. Mshikio ni ala ya raba inayovikwa ncha nene. Zaidi ya hizo iko pete ndogo ya plastiki, ambayo hukaa pale mpini unapotokea shingoni na kuyasitiri maungio.

Kabla ya kununua mpini, sharti tundu la shingo lipimwe. Ncha nyembamba ya mipini ya fimbo za kupigia mbali aghalabu huwa na upana wa milimita 8.5. Mipini ya fimbo za chuma huwa ya namna mbili: ya milimita 9.4, ambayo ncha yake ni sawa kote, na ya milimita 9.0, ambayo ncha yake huchongoka. Tofauti zote hizo hazifikii milimita moja, lakini ndizo ziamuazo kama mpini utakaa imara au utacheza ndani ya shingo. Mpini unaocheza hauwezi kunyooshwa na gundi. Gundi hushika tu kile ilichokikuta, kikiwa kimenyooka au kimepinda.

UTI ULIOFICHIKA

Zamani mipini yote ilikuwa ya mti, na uliosifiwa kuliko yote ni hikori, mti mgumu wenye kunyumbuka utokao Marekani. Fundi wa siku zile aliweza kuiona mishipa ya mti kwa macho na kujua upande ulio mgumu. Katika miaka ya 1920 mipini ya chuma cha pua ilianza kuushinda mti, na mwaka 1929 klabu ya R&A ya St Andrews, Scotland, iliyokuwa mtunga kanuni wa mchezo huu, iliikubali. Mwaka 1969 mhandisi Frank Thomas, aliyekuwa katika kampuni ya Shakespeare ya Marekani, alibuni mpini wa nyuzi za kaboni, mwepesi kuliko chuma. Tangu hapo fimbo nyingi za kupigia mbali zimeuacha uzito wa chuma.

Mtu huweza kudhani kwamba bomba la kiwandani, likiwa mviringo, halina upande. Sivyo. Mabomba mengi ya chuma huanza kama bamba linalokunjwa na kuungwa kwa moto, na unene wa ukuta wake huweza kupishana kidogo toka upande huu hata ule. Mpini wa kaboni hutengenezwa kwa kuzungusha vitambaa vya nyuzi vyenye gundi juu ya ufito wa chuma, kisha vikaokwa. Pale kitambaa kinapoanzia na kuishia, tabaka hupandana. Hapo ndipo ugumu huzidi. Mafundi huuita upande huo uti wa mgongo wa mpini.

Mchezaji azungushapo fimbo, mpini hupinda na kujinyoosha kabla kichwa hakijaufikia mpira. Ikiwa ugumu wake si sawa pande zote, na uti umekaa mshazari, mpini hauendi na kurudi katika mstari mmoja tu; huyumba pia kando. Katika mpini ulioundwa vyema yumbo hilo ni dogo, na mchezaji anayeanza yamkini asilihisi kabisa. Lakini fimbo zikiwa nyingi, na kila moja uti wake umetazama kwingine, fimbo za mfuko mmoja huwa kama kikosi ambacho kila askari husikia amri yake. Faida kubwa ya kuupanga uti ni kuzifanya fimbo zote zifanane.

NJIA MBILI ZA KUUTAFUTA

Njia ya kwanza ni ya beringi. Mpini hupitishwa ndani ya beringi mbili zilizofungwa imara, kisha husukumwa katikati ili upinde kidogo. Ukiachiwa uzunguke, hujigeuza wenyewe na kutulia upande mmoja. Watu wengi huufanyia alama upande huo na kuona kazi imekwisha. Hapa pana mtego. Mpini ambao haukunyooka kabisa, hata kama kombo lake halionekani kwa jicho, hutulia kwa kulifuata kombo na si kwa kuufuata uti. Kwa hiyo mpini huviringishwa kwanza juu ya kioo au meza iliyo sawa. Ukirukaruka, habari za beringi zisiaminiwe.

Njia ya pili hutegemewa zaidi, nayo haitaki mashine ya fedha nyingi. Ncha nene ya mpini hubanwa katika jiriwa, kiasi cha sentimita 12 hivi, katikati ya vipande viwili vya mti vilivyochongwa mfereji ili bomba lisipondeke. Kwenye ncha nyembamba hufungwa uzito wa gramu 200 hivi, ambao ni karibu sawa na uzito wa kichwa cha fimbo ya kupigia mbali. Uzito huo lazima ukae katikati barabara, usiegemee upande wowote. Kisha ncha huvutwa kando sentimita chache na kuachiwa.

Hapo jicho litazame mwendo wa ncha. Ikiwa ncha yaenda na kurudi katika mstari mmoja kama pendulamu ya saa, mstari umepatikana. Ikiwa inaanza vyema lakini baada ya muda inachora umbo la yai, mpini hulegezwa, huzungushwa kidogo na kujaribiwa tena. Kipande cha karatasi nyeupe kilichowekwa nyuma ya ncha husaidia kuona. Baada ya majaribio machache mstari hujitokeza, na wa pili hupatikana ukiwa umekatana nao kama mikono ya msalaba. Katika mstari mmoja mpini hutikisika upesi zaidi, maana huo ndio upande mgumu. Katika mwingine hutikisika polepole. Fundi huchagua mmojawapo na kuufuata katika fimbo zote bila kubadili.

Alama iwekwe karibu na ncha nyembamba, juu kidogo ya mahali pete itakapokaa, kwa kipande cha utepe. Ikiwekwa kwenye ncha nene itapotea siku mpini utakapokatwa.

KUUNGA BILA GUNDI, KISHA KWA GUNDI

Fundi mwenye busara huiunga fimbo mara mbili: kwanza pakavu, kisha kwa gundi. Gundi kavu ya zamani hutolewa yote tunduni, na tundu hupanguswa kwa spiriti. Mpini huingizwa mpaka ugote chini, aghalabu kina cha sentimita 2.5 hadi 3, na kina hicho hutiwa alama. Kisha kichwa huwekwa sakafuni kama mchezaji angekiweka, uso ukielekea mahali panapokusudiwa, na mpini huzungushwa mpaka mstari uliochaguliwa uelekee huko huko. Alama mbili ndogo, moja shingoni na moja kwenye mpini, huonyesha mahali pa kukutania.

Ndipo msasa ufuate. Mpini wa chuma husuguliwa mpaka ule mng'ao wa nje utoke, maana gundi haishiki juu ya uteleziteleza. Mpini wa kaboni wataka mkono mwepesi: rangi tu ndiyo iondolewe, na nyuzi zisiguswe, kwa kuwa nyuzi zilizokatwa ndizo mlango wa kuvunjika. Msasa usipande juu kuliko mahali pete itakapofunika. Kazi hii ifanywe nje penye hewa, pua na mdomo vikiwa vimefunikwa, na watoto wakae mbali na vumbi lake.

Gundi ifaayo ni ya epoksi yenye sehemu mbili, iliyokusudiwa kubeba mshtuko. Sehemu hizo huchanganywa kwa kipimo kilichoandikwa na mtengenezaji, si kwa kukisia. Pete huvikwa mpini kwanza. Wengi wameisahau na kulazimika kuanza upya mikono ikiwa imejaa gundi. Gundi hupakwa ndani ya tundu na juu ya ncha, mpini huingizwa ukizungushwa ili gundi ienee kote, kisha hurudishwa mpaka alama mbili zikutane.

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Huu ndio wakati wenyewe. Fimbo itazamwe kutoka juu kama mchezaji aionavyo, kisha kutoka mbele, kisha kutoka nyuma. Je, alama zimekutana? Je, mpini umezama wima, au umeegea upande mmoja wa tundu? Mpini ukiegea, uso wa kichwa hugeuka, na hesabu ya kosa hilo ni rahisi: mstari uliokosea digrii moja tu huachana na ule wa kweli kwa mita tatu hivi ufikapo mita 180. Mita tatu uwanjani ni tofauti ya majani mafupi na kichaka.

Gundi iliyotoka nje hupanguswa mara moja, na fimbo husimamishwa ukutani, kichwa chini, mahali ambapo haitaguswa. Gundi nyingi za namna hii huhitaji saa 24 kukomaa, na kwenye baridi huchelewa zaidi. Jioni ya siku hiyo mwenye fimbo hutamani kuijaribu, naye asidanganyike.

KUKATA NA KUVIKA MSHIKIO

Gundi ikikomaa, fimbo hupimwa urefu kutoka sakafuni hadi juu. Fimbo ndefu ya kupigia mbali huwa na inchi 45 hivi, na fimbo ya chuma namba 5 huwa karibu na inchi 38. Hukatwa ncha nene. Ncha nyembamba ikatwe kabla ya kuunga, na kwa maelekezo ya mtengenezaji tu, kwa kuwa kuikata huuongeza ugumu wa mpini. Pima mara tatu ukate mara moja ni sheria ya fundi seremala, nayo inafaa hapa vile vile.

Mshikio nao waweza kuiharibu kazi yote. Baadhi ya mishikio ina tuta dogo kwa nyuma, ambalo vidole hulihisi kila vinaposhika. Tuta hilo likikaa upande, mikono hulifuata na uso wa fimbo hugeuka bila mchezaji kujua. Utepe wenye gundi pande mbili huzungushiwa mpini, hulowanishwa kwa spiriti nyeupe ya madukani mwa rangi, na mshikio husukumwa upesi na kunyooshwa kabla haujashika. Spiriti hiyo isikaribie jiko, taa ya moto wala sigara.

Fimbo nyingi za miaka ya karibuni zina shingo ya kufunguliwa kwa skrubu, ambayo mchezaji huweza kuigeuza ili kubadili mwinamo wa uso. Ni kitu cha kufaa, lakini mwenye kuupanga uti na akumbuke: akiigeuza shingo hiyo, mara nyingi mpini na mshikio hugeuka pamoja nayo, na alama yake haitazami tena alipoielekeza.

HATARI YA KAZI MBOVU

Kosa la mstari huharibu mchezo. Kosa la gundi huweza kumharibu mtu. Kichwa cha fimbo ya kupigia mbali, mkononi mwa mwanamume wa kawaida, hufikia mwendo wa kilomita 140 hadi 150 kwa saa. Kikichomoka hapo, ni gramu 200 za chuma zinazoruka bila mwenyewe, na nyuma ya mchezaji aghalabu wamesimama mbeba fimbo, mke au mtoto. Kwa sababu hiyo fimbo iliyoungwa nyumbani hujaribiwa kwanza kwa kuvutwa na kupindwa kwa mikono, kisha kwa mapigo mafupi mahali pasipo na watu, kabla ya kupelekwa mashindanoni. Ikisikika ikilia shingoni, au pete ikionekana imepanda, isipigwe tena mpaka ifunguliwe na kuungwa upya.

KANUNI YASEMAJE

Kanuni za gofu hutaka mpini uwe umenyooka, upinde sawasawa upande wowote utakaogeuziwa, na ujisokote sawa kulia na kushoto. Watunga kanuni wanajua kwamba kiwanda hakiwezi kulitimiza hilo kwa ukamilifu. Kwa hiyo wameruhusu uti upangwe ili fimbo zifanane, au ili mpini utende kazi kana kwamba hauna upande. Lakini wamekataa jambo moja: kuugeuza uti kwa makusudi ya kumrekebishia mchezaji mapigo yake yanayokwenda kando. Kunyoosha chombo ni halali, na kukitumia chombo kuficha kosa la mkono si halali.

Askari hahitaji kuelezwa sana tofauti hiyo. Bunduki ambayo shabaha yake haijarekebishwa humdhulumu mlengaji hodari, na ni haki yake irekebishwe kabla ya kuingia uwanja wa shabaha. Hata hivyo, hakuna rekebisho liwezalo kumsaidia avutaye kifyatulio kwa pupa. Fundi wa fimbo hufanya kazi ile ile ya kwanza mezani pake, kwa jiriwa, utepe na jicho. Akisha kuimaliza vyema, mchezaji huupata ukweli mmoja ambao hapo awali hakuwa nao: mpira ukienda kando, atajua ni wapi pa kuanza kusahihisha.